Kuhusu Kerezo Lenu Fupi na Mama Mkwe Wangu

Kaimu Abdala, Fundi
Mandawa, njia ya Ruangwa
kwa posta ya Nachingwea
Juni, 1953

Kwa Mheshimiwa Bwana Mwenye Kiwanda cha Makerezo Madogo,
Uingereza.

Mheshimiwa Bwana,

Ninatumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, umeshakunywa chai, na hakuna mtu aliyekuudhi leo, kwa sababu mimi nitakuudhi kidogo. Huku sisi ni wazima. Mvua imekatika kwa wakati wake, ufuta umekauka vizuri, na mimi nalala kwenye kibanda cha mashine kwa ajili yako.

Uniwie radhi kwanza kwa kutokutaja jina. Kutu imelila jina lako pale ubavuni mwa mashine, imebakiza herufi ya mwisho na maneno yanayosema imeundwa Uingereza. Mwalimu Eusebio wa shule ya misheni, ambaye ndiye atakayeandika bahasha kwa Kiingereza, ameniambia huko kwenu viwanda ni vingi na barua inaweza kuzunguka. Nimemjibu izunguke tu. Mwenye kosa akiisoma atajijua.

Ili tusipotezane nikueleze mashine yenyewe. Ni lile kerezo dogo la kukerezea chuma, la bei ya chini, mnalowauzia watu wa kwenu wanaopenda kuchezacheza na chuma nyuma ya nyumba siku ya Jumapili. Lilikuja Nachingwea na mzungu mmoja wa mpango wa karanga. Mchana mtu huyo alitengeneza matrekta, jioni alitengeneza gari la moshi dogo lisilobeba hata paka. Mimi nilikuwa msaidizi katika karakana yao kubwa. Karanga ziliposhindikana na wazungu wakafungasha, makerezo makubwa ya karakana yalipakiwa kwenye treni kwenda pwani, na hili dogo yule mzungu akaniachia mimi. Akanipa mkono, akasema linanitosha. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa au tusi. Nikalifungua vipande vipande, nikalibeba kwa baiskeli hadi Mandawa nyumbani kwa mke wangu Zaina, kwa maana sisi Wamwera mwanamume akioa yeye ndiye anayehamia kwa wakwe.

Sasa, Mjomba Shaban, kaka yake mama mkwe wangu na ndiye mwenye neno la mwisho katika mji ule, ana kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Kinu kinabanwa kwa parafujo nene ya chuma. Ukiizungusha inashuka, inaukandamiza ufuta, na mafuta yanatoka. Meno ya parafujo hiyo yalilika, ikawa inashuka bila kubana chochote. Siku ya posa mimi nilisema mbele ya wazee kwamba nina mashine yangu na nitachonga parafujo mpya. Maneno ya siku ya posa unayajua, Bwana, mtu hujibu na asiyoulizwa. Mjomba akayashika. Akasema msimu wa ufuta ukifika na kinu hakikamui, nichukue shoka langu na mashine yangu nirudi nilikotoka. Mke atabaki. Na mtoto aliyemo tumboni mwa mke naye atabaki, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa kukosa kazi ya kufanya. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kerezo lenu linaendeshwa kwa kanyagio la mguu, kama cherehani. Siku nilipolifunga, watu wa Mandawa walikuja kutazama, na kesho yake wakaleta suruali. Niliwaeleza kwamba hii inashona chuma, siyo kitambaa. Wakasema najidai. Mama mmoja amenisusia mpaka leo kwa sababu ya gauni. Tena nalikanyaga kwa mguu mmoja tu, wa kulia, na mguu huo umenenepa peke yake, hata Zaina husema anaujua mwendo wangu kutoka mbali kama wa mbuzi aliyefungwa kamba. Haya ni madogo, nimeyataja ili uone kwamba nilianza na subira.

2. Halina mwendo wa polepole. Yale makerezo makubwa ya Nachingwea yalikuwa na gia nyuma ya kichwa za kupunguza mwendo, ukitaka kuchonga kitu kinene unazifunga, mashine inakwenda kwa kutafakari. Nyinyi mmeziondoa ili bei ipungue. Mmetuachia mkanda wa ngozi wenye ngazi tatu: upesi, upesi sana, na mbio za mwizi wa kuku. Haraka haraka haina baraka, na neno hilo tunawafundisha watoto kabla hawajaota meno. Mimi nilikuwa nachonga fimbo ya usukani wa trekta lililokufa la karanga, chuma kizuri kabisa. Nikikanyaga, kisu kinauma, mkanda unateleza, na fimbo inabaki inanitazama.

Ikabidi nitumie ujanja wa karakana. Unavua mkanda, unaliacha kanyagio, unapanga gia za pembeni, halafu unaizungusha kwa mkono ile parafujo ndefu ya mashine inayopita chini ya kisu. Ukizungusha hendeli yake, kisu kinatembea, na gia zinaizungusha fimbo yenyewe taratibu, meno yanachongeka mapana na yaliyonyooka. Ujanja huu ni mzuri. Ungekuwa mzuri zaidi kama si jambo la tatu.

3. Hendeli ya parafujo ndefu mmeiweka mwisho kabisa wa mashine, upande wa kulia. Kisu kiko katikati. Mtu anayekiangalia kisu hawezi kuzungusha hendeli, na anayezungusha hendeli hawezi kukiangalia kisu. Sijui mlinikadiria mikono mingapi. Tena kile kinachoishika parafujo hiyo hakifunguki. Katika makerezo makubwa unakifungua, unalirudisha gari la kisu, yaani kibebeo chake, kwa kulisukuma. Lenu limefumba kama ngumi ya bahili, kwa hiyo kisu kikifika mwisho ni lazima kuzungusha kinyume, njia yote, mpaka mwanzo, ndipo uanze tena. Na parafujo moja ya kinu haichongwi kwa mpito mmoja. Nilihitaji mtu wa pili.

Zaina angefaa, lakini ana mimba, na wanawake wa mji wakasema mwenye mimba akizungusha kitu kinyume mtoto naye hugeuka tumboni. Wanaume wenye nguvu wamekwenda kwenye mashamba ya mkonge, waliobaki wanafukuza nguruwe kwenye mihogo. Mjomba Shaban mgongo wake humuuma kila litajwapo neno kazi. Akabaki mtu mmoja tu mwenye mikono ya kutwanga na nafasi baada ya kupika.

Mheshimiwa Bwana, mtu huyo ni mama mkwe wangu.

4. Hili nilitaka liwe la kwanza lakini nilihofu ungekunja barua. Kwetu mtu hamtazami mkwe wake usoni. Halili naye, haketi naye, hasemi naye moja kwa moja, na wakikutana njiani yeye anaingia porini mpaka mkwe apite. Hata jina lake sitakuandikia humu, adabu hainiruhusu. Si chuki hii. Ni heshima, na heshima ina umbali wake. Mwalimu Eusebio ameniambia kwamba Waingereza nao huwakimbia wakwe zao, ila hawana utaratibu.

Basi tukatundika kaniki kutoka kwenye paa, ikashuka katikati ya mashine. Mimi na kisu upande huu, yeye na hendeli upande ule. Na kwa kuwa mimi siwezi kusema naye wala yeye kusema nami, kila mmoja wetu akawa anasema na mashine. Mimi husema, "Wewe mashine, anza." Hendeli inazunguka. Husema, "Mashine, pole pole, hapo pana mfupa." Inapungua. Siku ya kwanza yeye alizungusha tu. Siku zilizofuata nikaisikia sauti nyuma ya kaniki ikiiambia mashine imwambie fundi wake kwamba leo kisu kinalia vibaya, akinoe. Nikakitazama, kweli kimekuwa butu. Nikaiambia mashine ahsante.

Kutoka hapo mashine ikaanza kuambiwa mambo ya watu. Iliambiwa kwamba Zaina alipokuwa mdogo alikataa kula mlenda mpaka akapigwa, kwa hiyo fundi asishangae. Iliambiwa kwamba marehemu baba yake Zaina naye alikuwa mtu wa kuchezea vyuma, alitengeneza mtego wa nguruwe ukamkamata mwenyewe mguu. Hapo nyuma ya kaniki palichekwa, na mimi nikaacha kisu kikaharibu jino moja. Nami nikaieleza mashine habari za mama yangu, aliyekufa kijijini kwetu Kiegei mimi nikiwa kazini kwenye karanga, sikumwahi. Hendeli ikazungushwa taratibu kuliko siku zote.

Sasa sikiliza kosa lako lilipo. Mgongo wa kerezo lako, yaani hayo mapito ya chuma ambayo kisu hutembea juu yake, hauzidi hatua moja ya mtu mfupi. Makubwa ya Nachingwea yalikuwa marefu kama mtumbwi. Lako unaliweka juu ya meza ya kulia chakula. Mimi nikisimama kwenye kisu na mkwe wangu akisimama kwenye hendeli, hakuna kati yetu isipokuwa kaniki, na yeye akivuta pumzi kaniki inakuja upande wangu. Nilisikia anavyomeza mate. Hakuna heshima duniani inayoenea katika urefu huo, na wewe uliyepima ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba watu wana wakwe.

5. Hendeli ndogo ya kukiingiza kisu kwenye chuma haina tarakimu. Ziko mashine ambazo hendeli imezungushiwa mistari na namba, ukiingiza kisu unajua umeingiza kiasi gani. Yenu iko uchi kama yai. Niliweka alama kwa mkaa, mkaa ukafutika. Nikawa napima kwa punje ya ufuta: nabandika punje, naingiza kisu mpaka iguswe, naipuliza. Hapo Mjomba Shaban akasema natumia ufuta wake vibaya.

Tena ile parafujo ndefu imelegea. Ukiigeuza mwendo, hendeli inazunguka bure kidogo kabla kisu hakijaamka. Mama mkwe wangu aliona mashine inamsubiri afanye adabu. Akawa kila anapogeuza mwendo husema, "Hodi." Hendeli inamaliza ulegevu wake, kisu kinaanza kutembea, naye anaona amekaribishwa. Mimi nilijua ni ulegevu wa meno, lakini mtu hamsahihishi mkwe, hata kwa kupitia mashine. Leo hii hakuna mtu Mandawa anayeigusa mashine ile bila kupiga hodi. Mjomba mwenyewe anapiga. Hapa ni mji wenye msikiti, Bwana, na wewe kwa kuuza vyuma vilivyolegea umetuletea ushirikina.

6. Tundu la kutilia mafuta halina kifuniko, na kile kichwa kinachozunguka kimelala kwenye chuma kitupu, bila beringi ya maana. Mafuta ya mashine hapa hakuna, kwa hiyo nalitilia mafuta ya ufuta. Likipata joto linanukia kama nyumba yenye sherehe. Watu wanakuja na watoto wao, wanakaa, wanakuta ni chuma. Inaumiza kuwatazama wanavyoondoka.

7. Halina breki. Jambo hili ndilo lililonitoa nyumbani, naomba ulisome pole pole.

Parafujo ya kinu ilikwisha. Ilikuwa nzuri, Bwana, siwezi kukuficha, nilikuwa naishika kama mtu anavyoshika mkono wa mgeni wa heshima. Ufuta wa Mjomba ulikuwa umeshasimamishwa matita shambani, unangoja kupigwa. Ilibaki kuing'arisha tu, na kung'arisha kunataka mwendo wa mbio. Nikazitenga gia, nikaurudisha mkanda, nikakanyaga. Mama mkwe hakuwa na kazi tena upande wake, lakini hakuondoka. Aliiambia mashine kwamba anataka kuona mwisho wa alichokizungusha. Niliona ni haki yake.

Basi upepo ukaingia mlangoni, ukaunyanyua upindo wa kaniki, ukauweka juu ya parafujo. Meno mapya yale, makali, niliyoyachonga mimi mwenyewe, yakaushika. Mimi niliinua mguu palepale. Nakuapia, na watu wa mji wananijua. Lakini chini ya kerezo lako kuna gurudumu zito la kulipa kanyagio nguvu, na gurudumu hilo halina kitu cha kulisimamisha. Mguu umeondoka, lenyewe linaendelea. Kaniki ikavutwa, ikajiviringisha jino kwa jino, ikang'oka kwenye paa, ikaisha. Mashine ikasimama ilipotaka yenyewe.

Na sisi tukawa tumesimama macho kwa macho, kwa umbali nilioueleza katika namba nne.

Nilimwona. Ana mwanya katikati ya meno kama Zaina, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa bado haujapata habari. Halafu ukapata. Alijifunika kwa mikono akakimbilia nyumbani, na mimi nikakimbilia kwenye mikorosho, nikakaa huko kwa aibu mpaka siafu wakaniondoa.

8. Mjomba Shaban aliitisha baraza. Kwanza parafujo ilitiwa kwenye kinu, ikakaa, ikabana, mafuta yakatoka mazito na ya rangi njema. Kwa hiyo ile habari ya shoka langu ikafa. Lakini ya aibu ilibaki, na kwetu aliyemwaibisha mkwe anatoka kwenye ua wake mpaka atoe kuku mweupe na nguo mpya, na mkwe aikubali radhi. Mimi nilijitetea. Nilisema mguu wangu niliuinua, kila mtu anajua. Ambaye hakusimama ni mashine, na mashine haikujiunda.

Mjomba ni mtu anayependa kesi kuliko nyama. Alifikiri sana, akatafuna ubua, halafu akakata shauri. Alisema mtoto akivunja mtungi wa jirani, anayejibu ni mjomba wake. Mashine hii imevunja heshima ya nyumba, basi na ijibiwe na mjomba wake. Na mjomba wa mashine ni nani, kama si yule aliyeileta duniani? Wazee wote wakaguna kukubali. Akaamuru uandikiwe barua, na akaamuru kwamba mpaka utakapojibu, mimi nikae kibandani na mpwa wako.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kuanzia hapa naomba ruhusa nikuite Mjomba.

Mjomba, mambo tunayoyataka kwako si makubwa. Lete kuku mweupe. Kama kuku wa Uingereza ni wadogo, Mjomba Shaban amesema atapokea wawili. Lete kaniki moja badala ya ile iliyoliwa na mpwa wako. Uje mwenyewe kuomba radhi, au umtume mtoto wa dada yako, siyo mtoto wako, kwa sababu huyo kwetu hahesabiki katika mambo kama haya. Akifika Nachingwea aulize njia ya Ruangwa, na akifika Mandawa aulize mahali panaponukia ufuta.

Pia uirekebishe mashine. Tia breki. Hendeli ya parafujo ndefu ihamie kushoto, karibu na kisu, aizungushe fundi mwenyewe, mradi mkwe asihitajike. Na mgongo urefushwe. Tulijadiliana urefu katika baraza. Mimi nilipendekeza hatua kumi. Wazee wakasema kwa hatua kumi mtu bado anaweza kuuona uso wa mkwe wake akiwa na macho mazuri. Tukaongeza. Mwisho tulikubaliana mgongo uanzie kibandani kwangu, upite mbele ya nyumba ya Mjomba, uishie nyuma ya msikiti, na watoto wakatazwe kuukalia. Najua chuma cha namna hiyo ni kizito. Lakini nyinyi mlileta matrekta ya kulima pori zima hapa Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hatujaziona, basi na hili halitawashinda.

Kama yote haya ni magumu, basi angalau katika kile kitabu cha maelekezo mnachokitoa pamoja na mashine uongeze mstari mmoja: isitumiwe na mtu pamoja na mkwe wake. Fundi mwenye akili atajua afanye nini.

Ninakuomba ujibu upesi, Mjomba, na hapa sisemi kwa mzaha. Siku za Zaina zimekaribia. Mtoto wa Kiislamu akizaliwa, baba yake humwadhinia sikioni, liwe ndilo neno la kwanza analolisikia duniani. Mimi siruhusiwi kuingia uani. Mjomba Shaban amesema nisijali, yeye ataadhini badala yangu. Mjomba Shaban sauti yake ni ya kufukuzia nyani shambani. Nililala kibandani nikiwaza jambo hilo, nikaona linaniuma kuliko shoka, kuliko kinu, kuliko yote niliyokwisha kukuandikia. Sikumwahi mama yangu. Nilitaka huyu nimuwahi.

Mwalimu Eusebio anasema meli huchukua muda mrefu na mtoto hangojei meli. Nimemwambia aandike kwenye bahasha neno la haraka, na alipigie mstari.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie mafundi wote wanaoyeyusha chuma, hasa yule anayetoboa matundu ya mafuta, umwambie vifuniko si dhambi. Nisalimie na mama mkwe wako, kwa umbali unaostahili. Mjomba Shaban anakusalimu na anasema kesi haina chuki. Zaina anakusalimu kupitia dirishani.

Nafunga kalamu kwa heshima yote aliyobaki nayo mtu aliyefukuzwa,

Kaimu Abdala,
fundi, na mkwe wa watu.

Nyongeza. Mjomba, Mwalimu Eusebio amechelewa kupita kuichukua barua hii, nimeifungua tena.

Asubuhi moja nilikuwa kibandani nalitilia mafuta lile tundu lisilo na kifuniko, nikasikia hodi. Nilijua ni nani kwa sababu hodi haikuelekezwa kwangu. Kaniki haipo, kwa hiyo niligeukia ukutani. Hendeli ikazungushwa kidogo, ule ulegevu ukaisha, kisu kikasogea. Halafu sauti ikaiambia mashine imwambie fundi wake kwamba Zaina amejifungua salama, mtoto ni wa kike, na sikio lake la kulia linangoja.

Nikaiambia mashine kwamba kuna hukumu, kuna kuku mweupe, na mjomba wake wa Uingereza hajajibu. Nikajibiwa kwa njia hiyo hiyo kwamba aliyeaibishwa ni yeye, na chungu ambacho kuku huyo angeingia ni chake, kwa hiyo yeye ndiye anayejua kama ana njaa. Tena Mjomba Shaban amekuwa akijikohoza tangu alfajiri ili aadhini, na yeye amemwambia aende akatazame kinu chake. Kisha akasema fundi asikawie, mtoto ana haraka kama mama yake.

Nilikwenda. Nimeadhini mwenyewe. Katikati nilipotea nikaanza tena, na hakuna aliyenicheka.

Kwa kuwa sasa kuna mjukuu, na kwa kuwa yaliyokwisha kuonekana hayafunikiki, wazee walituruhusu tuketi pamoja bila pazia. Tukaketi, yeye mkekani kwake na mimi kwangu. Tulitazama chini mpaka uji ukapoa. Nilitafuta neno moja la kumwambia mama huyu sikulipata, naye nilimwona analitafuta. Jana amekuja kibandani na kaniki mpya, kaitundika mwenyewe pale pale pa zamani, kapiga hodi, kaiuliza mashine kama fundi wake amelala vizuri. Tuliongea mpaka mchana na hapakuwa na kazi yoyote kwenye mashine.

Kwa hiyo kama umeshaanza kuurefusha ule mgongo, wasimamishe mafundi. Ukiurefusha sitamsikia. Kuku usilete. Breki lete ukipata nafasi, kwa ajili ya kaniki. Lakini hendeli, nakuomba sana, iache hapo hapo ilipo.